Umeme wa Mji Mdogo

Mwanzoni mwa karne ya 20, transfoma zilipokuwa bado si kitu cha kila nyumba, kulikuwa na treni za kuchezea huko Ujerumani zilizotembea kwa umeme wa ukutani, ule ule wa kuwashia taa ya sebuleni. Kilichoiokoa mota isiungue ni glopu. Umeme ulitoka ukutani, ukapita kwanza kwenye glopu ya kawaida, ndipo ukafika relini. Uzi wa glopu uliukaba mkondo, na kiasi kilichobaki kikatosha kuzungusha magurudumu. Ulikuwa ujanja wa hatari. Treni ikitoka relini mkondo unakoma, na mkondo ukikoma glopu haina tena cha kukaba: reli zinabaki na volti kamili za nyumba, na mtoto ndiye anayeinama kuiokota treni yake. Katika miaka ya 1920 watengenezaji walihamia kwenye volti ndogo za transfoma, na Märklin, kampuni kongwe ya mji wa Göppingen, ikaja na mfumo wa volti 20.

Naanza na glopu hiyo kwa sababu kazi iliyoifanya ndiyo tunayoifanya hadi leo, ila kwa vifaa salama zaidi. Wengi wanaojenga reli ndogo hudhani kwamba shida ya kuwasha taa ni kupata umeme. Umeme upo tele. Chaja ya simu peke yake ina nguvu ya kuwasha kijiji kizima cha nyumba zinazoenea kiganjani. Kazi ngumu ni kuuzuia: kila taa ipate kiasi chake, kisizidi, kisiyumbe, na kisichanganyike na umeme unaoendesha treni. Karibu kila kitu nitakachoeleza katika sura hii ni namna moja au nyingine ya kuzuia.

Tuelewane kwanza juu ya vipimo. Kipimo kinachopendwa kuliko vyote duniani ni HO, kinachopunguza kila kitu mara 87. Mtu wa mita 1.75 anakuwa na urefu wa milimita 20. Nguzo ya taa ya mtaani yenye mita 6 inakuwa na sentimita 7 hivi. Sasa chukua taa ya kawaida ya LED ya milimita 5, ile inayouzwa katika kila duka la vipuri vya redio, uiweke juu ya nguzo hiyo. Ukiikuza mara 87 unapata taa ya upana wa sentimita 43. Hakuna mtaa wenye taa za namna hiyo. Hata LED ya milimita 3 inakuwa na sentimita 26. Jicho halihitaji kufanya hesabu ili ligundue kosa; linaona tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na mji mzima unarudi kuwa plastiki. Mwanga nao ni vivyo hivyo. LED iliyopewa mkondo wote inaoruhusiwa hutoa mwanga ambao, kwa mji wa ukubwa huo, ungekuwa wa taa za uwanja wa mpira. Kinachoufanya mji mdogo uaminike usiku ni unyonge wa taa zake.

Njia ya kwanza inayomjia mjenzi mpya ni kuchukua umeme palepale kwenye reli. Waya mbili tayari zipo, zinapita mbele ya kila nyumba, kwa nini asigawe? Jibu linategemea aina ya uendeshaji. Katika mfumo wa zamani wa mkondo mnyoofu, ambao bado unatumika katika nyumba nyingi, kidhibiti hutoa volti kati ya 0 na 12. Ukitaka treni iende kasi unaongeza volti, ukitaka irudi nyuma unageuza chanya kuwa hasi. Taa ya stesheni iliyounganishwa kwenye reli hizo itafuata treni kwa kila jambo. Treni ikiondoka taratibu, stesheni inamulika kidogo. Ikishika kasi, stesheni inang'aa. Ikisimama kupakia abiria, yaani wakati ambao taa zinahitajika kuliko wakati wowote, giza linaingia. Na kama taa ni za LED, treni ikirudi nyuma zinazima kabisa, kwa kuwa LED hupitisha umeme upande mmoja tu.

Katika mfumo wa kidijitali hali ni tofauti kidogo. Mfumo huo, unaojulikana kwa herufi DCC, uliendelezwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani na baadaye ukafanywa kiwango rasmi na NMRA, chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1935. Humo reli zina volti 14 hadi 16 hivi muda wote, treni iende isiende, na amri hutumwa ndani ya umeme huohuo kwa kugeuzageuza pande zake maelfu ya mara kwa sekunde. Taa zikiunganishwa hapo zitawaka bila kuyumba. Lakini umeme wa DCC ni wa bei ghali: unatoka kwenye kikuza nguvu kilichonunuliwa kwa ajili ya vichwa vya treni, mara nyingi chenye ampea 3 au 5 tu. Kila ampea inayokwenda kwenye madirisha ya nyumba imenyang'anywa treni. Tena gurudumu moja likitoka relini na kupiga shoti, kikuza nguvu kinajizima kujilinda, na mji mzima unaingia gizani kwa sababu ya behewa moja lililopinduka kwenye kona. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja, na sijaona sababu ya kuulegeza: taa za mji ziwe na chanzo chao cha umeme, kisichogusana na reli mahali popote.

Kabla sijauacha umeme wa reli nitaje ujanja mmoja wa enzi za mkondo mnyoofu, kwa sababu ni wa kupendeza na bado unafaa kwa anayemiliki vichwa vya treni vya zamani. Mjenzi alitaka taa ya mbele ya kichwa cha treni iwake kwa nguvu ileile, treni iende polepole au kasi. Daiodi ya silikoni, mkondo ukipita ndani yake, hula takriban volti 0.7, na kiasi hicho hakibadiliki sana hata mkondo ukiongezeka. Weka daiodi mbili mfululizo kwenye njia ya kuelekea kwenye mota, nazo zitakula volti 1.4 hivi muda wote treni inapokwenda mbele; daiodi ya tatu, sambamba nazo lakini ikielekea kinyume, ndiyo itakayoiruhusu kurudi nyuma. Kisha unganisha glopu ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha mbili za daiodi hizo. Glopu inakula kile ambacho daiodi zimekizuia, na inawaka vilevile kwa kasi zote. Mota inapoteza volti 1.4 tu, na mtu hazioni.

Glopu zenyewe zinastahili heshima, maana ndizo zilizowasha miji midogo kwa miongo mingi. Wajenzi walizipa majina ya nafaka: kubwa kidogo, yenye kipenyo cha milimita 3 hivi, ni punje ya ngano, ndogo zaidi ni punje ya mchele. Nyingi ni za volti 12 hadi 16 na hula miliampea 30 hadi 80. Mwanga wake una joto la manjano ambalo LED zilichukua miaka mingi kulifikia. Zina tabia tatu za kujua. Ya kwanza, huungua. Hata hivyo ukiipa glopu volti pungufu kwa asilimia 10, maisha yake yanazidi mara mbili. Mjenzi mwenye subira aliendesha glopu za volti 16 kwa volti 12, akapata mwanga wa taa ya chemli na glopu zisizokufa. Ya pili, uzi wake ukiwa baridi hupitisha mkondo mwingi sana kwa sehemu ndogo ya sekunde, hadi mara kumi ya kiasi cha kawaida, kabla haujapata moto na kujikaba wenyewe. Ukiwasha glopu 100 kwa swichi moja, chanzo dhaifu cha umeme kinaweza kukataa kuanza. Ya tatu ni joto. Glopu ya volti 12 na miliampea 50 ni wati 0.6, si kitu ikiwa wazi. Ikifungiwa ndani ya nyumba ya plastiki isiyo na tundu la hewa, ikigusa dari, dari inalegea na kubonyea. Glopu 100 za namna hiyo ni ampea 5 na wati 60. Hizo wati 60 zote zinaishia kuwa joto chini ya paa za plastiki.

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa General Electric huko Marekani alitengeneza LED iliyotoa mwanga mwekundu. Za manjano na kijani zikafuata, ndiyo maana taa za ishara kando ya reli ndogo zilibadilishwa kuwa LED mapema sana, huku madirisha ya nyumba yakibaki na glopu. Nyeupe haikuwezekana kwa sababu hapakuwa na buluu yenye nguvu. Hiyo ililetwa mwaka 1993 na Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia huko Japani, kazi iliyompa yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe ni LED ya buluu iliyofunikwa ungaunga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa wa manjano. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Za mwanzo zilikuwa na weupe wa baridi, kama taa ya chumba cha upasuaji, na nyumba za reli ndogo zilizowekewa taa hizo zilikuwa na sura ya huzuni. Leo nunua zilizoandikwa nyeupe ya joto, kati ya Kelvini 2700 na 3000. Kama umenunua za baridi tayari, tone la rangi ya chungwa inayopitisha mwanga litaziponya.

LED ina tabia moja inayomtatiza asiyeizoea. Glopu ni mpole: volti zikiongezeka kidogo, mkondo nao unaongezeka kidogo. LED nyeupe haifanyi hivyo. Ukiipa volti 2 haiwaki. Kwenye volti 2.7 inaanza kuwaka, kwenye 3 inang'aa, na ukisogeza kidogo tu juu ya hapo mkondo unapanda ghafla hadi inaungua. Haijui kujikaba. Lazima ikabwe na kitu kingine, na kitu hicho ni rezista, kijidude cha bei ya chini kabisa dukani ambacho mjenzi mzuri hununua kwa mamia.

Hesabu yake inafanyika nyuma ya bahasha. Toa volti za LED kwenye volti za chanzo, kinachobaki kigawe kwa mkondo unaoutaka. Tuseme chanzo ni volti 12, LED nyeupe inakula 3, zimebaki 9. Ukitaka miliampea 20, ambazo ndizo kikomo cha LED nyingi ndogo, gawa 9 kwa 0.02, unapata ohmu 450. Usifanye hivyo. Kwa dirisha la nyumba ya HO miliampea 2 zinatosha: gawa 9 kwa 0.002, unapata ohmu 4,500. Dukani hakuna rezista ya 4,500 katika seti za kawaida, ila ipo ya 4,700, yenye mistari ya njano, zambarau na nyekundu, na tofauti hiyo jicho haliioni. Kwa nguzo ya mtaani jaribu ohmu 2,200. Kwa chumba cha mshumaa au kibanda cha mlinzi panda hadi 10,000, au hata 22,000. Weka LED moja kwenye ubao wa majaribio, zima taa za chumba, ubadilishe rezista moja baada ya nyingine huku ukiangalia nyumba yenyewe. Namba zinakufikisha karibu. Jicho ndilo linaloamua, na mara nyingi litakuambia upunguze tena.

LED nyekundu na za manjano hula volti 2 hivi tu, kwa hiyo kamwe usiziunganishe sambamba na nyeupe kwenye rezista moja. Nyekundu itabeba mkondo wote na nyeupe haitawaka kabisa. Hata nyeupe na nyeupe zisigawane rezista, kwa kuwa hazilingani kikamilifu. Kila LED na rezista yake. Ruhusa pekee ni kuziweka mfululizo: LED nyeupe tatu zikifuatana hula volti 9, zinabaki 3 za kuachiwa rezista, na mkondo uleule unawasha zote tatu. Inafaa kwa safu ya taa za jukwaa la stesheni. Haifai mahali ambapo hutaki taa moja ikifa izime na wenzake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba moja, maana hapa ndipo kazi nyingi hufanyika na ndipo wengi huharakisha.

Nyumba ya plastiki iliyotoka dukani inapitisha mwanga kwenye kuta. Ukiiwasha bila kuitayarisha, nyumba nzima inawaka, na mwanga unavuja kwenye kila pembe palipo na mwanya wa gundi. Kabla ya kuunganisha kuta, paka ndani rangi nyeusi hadi ukuta uzuie mwanga wa tochi, kisha juu yake paka nyeupe au krimu ili mwanga wa ndani urudi na kusambaa. Pembe zizibe kwa kipande cha karatasi nyeusi. Kisha gawa vyumba kwa kadibodi. Nyumba halisi haiwaki madirisha yote kwa pamoja. Jikoni kuna taa, chumba cha mbele kuna giza, juu kuna mtu anasoma. Vyumba viwili vyenye mwanga kati ya sita vinaifanya nyumba ionekane ina watu, kuliko sita vyote.

Taa yenyewe iwe ile LED bapa isiyo na miguu, ya ukubwa unaoitwa 0603, yaani urefu wa milimita 1.6 na upana 0.8. Ukiikuza mara 87 ni taa ya sentimita 14, ambayo mtu anaweza kuikubali. Kuilehemu kunatisha mwanzoni, lakini kunazoeleka. Ibandike kwenye ubao kwa tepu yenye gundi pande mbili ili isitoroke. Chukua waya wa shaba uliopakwa vanishi, kama ule wa kusukia mota ila mwembamba zaidi, milimita 0.1 hivi. Chovya ncha yake kwenye tone la risasi iliyoyeyuka hadi vanishi iungue na shaba ishike risasi. Usipofanya hivyo utahangaika ukidhani umeunganisha kumbe vanishi imezuia. Weka risasi kidogo sana kwenye kila upande wa LED. Kisha leta waya, gusa kwa ncha ya chuma cha kulehemia kwa sekunde moja, ondoa. LED haipendi kukaa motoni. Weka alama kwenye waya wa chanya mara hiyohiyo, kabla hujaiinua LED kutoka kwenye tepu, kwa sababu ikishaingia darini hakuna namna ya kujua. Nyuma ya LED paka rangi nyeusi, la sivyo mwanga utatoka kupitia paa.

Waya huo mwembamba kama unywele unaweza kuonekana dhaifu mno. Kwa miliampea 2 unatosha kabisa: mita nzima ya waya wa 0.1 ina ohmu zaidi kidogo ya 2, kwa hiyo kinachopotea njiani ni volti 0.004. Unyonge wa taa umekupa uhuru wa kutumia waya usioonekana. Lakini uhuru huo unaishia chini ya ubao. Pale taa mia zinapokutana, waya lazima unenepe.

Watu wengi hupuuza waya mkuu. Chukua meza ya mita 10 kutoka chanzo hadi mwisho, na mkondo wa ampea 2. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 20 za shaba. Kwa waya wa milimita za mraba 0.5 hiyo ni karibu ohmu 0.7, na ampea 2 zikipita hapo volti 1.4 zinapotea. Nyumba za mwisho zinapata 10.6 badala ya 12, kama nyumba za mwisho wa bomba la maji la mtaa. Kwa waya wa 1.5, ule wa kawaida wa taa za nyumbani, kinachopotea hakifiki nusu volti. Pitisha waya mbili nene za namna hiyo chini ya meza kuanzia mwanzo hadi mwisho, moja nyekundu na moja nyeusi, na kila kundi la nyumba lidondoshe waya zake nyembamba hapo kupitia konekta. Rangi zisibadilike njiani. Kila kundi liandikwe kwa kalamu kwenye ubao: stesheni, mtaa wa soko, karakana. Mtu anayelala chali chini ya meza miaka mitatu baadaye akitafuta kwa nini soko limezima atakushukuru, hata kama mtu huyo ni wewe.

Chanzo cha umeme kisiwe na mambo mengi. Adapta ya volti 12 na ampea 2, yenye alama za usalama za kweli na isiyopata moto kupita kiasi, inatosha LED mia kadhaa na kubakiza. Chaja ya laptop iliyostaafu, ya volti 19, nayo ni nzuri ikifuatiwa na kibao cha kushushia volti kinachopatikana katika maduka ya vipuri ya Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam. Transfoma za zamani za treni zina tundu la volti 16 za mkondo geu kwa ajili ya taa. Glopu zinaufurahia umeme huo, LED haziufurahii. LED nyingi zina kikomo cha volti 5 tu kwa upande wa kinyume, na mkondo geu unazigeuzia kibao mara 50 kila sekunde. Pitisha umeme huo kwenye daraja la daiodi nne na kapasita, lakini pima kwa mita kabla ya kuunganisha chochote: volti 16 za mkondo geu zikinyooshwa namna hiyo hupanda hadi 21 hivi, na hesabu zako zote za rezista zinabadilika. Vyovyote iwavyo, umeme wa volti 230 usiingie chini ya meza. Uishie kwenye adapta, ukutani.

Halafu fyuzi. Volti 12 hazimuui mtu, na kwa sababu hiyo wengi hawazipi uzito. Lakini chanzo cha ampea 5 kikikutana na shoti kwenye waya wa 0.1, waya huo unakuwa uzi wa glopu: unawaka, na umezungukwa na plastiki, sponji ya miti ya bandia na majani makavu. Hakuna sehemu ya sura hii ninayoitilia mkazo kuliko hii. Gawa meza katika sehemu, kila sehemu iwe na fyuzi yake ya ampea 1 au chini. Gharama yake ni ndogo mno kuzungumziwa, na faida ya pili ni kwamba sehemu moja ikileta shida, nyingine zinaendelea kuwaka na unajua pa kutafuta.

Ukiwa na kibao cha kushushia volti kwenye waya mkuu, umepata pia kirungu cha jioni. Zungusha kutoka volti 12 hadi 8: LED yenye rezista ya 4,700 inashuka kutoka karibu miliampea 2 hadi 1, na mji mzima unaingia usiku wa manane kwa mkono mmoja. Huko Hamburg, kwenye maghala ya kale ya Speicherstadt, kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun, reli ndogo kubwa kuliko zote duniani. Huko usiku huingia kila robo saa hivi. Taa za dari zinafifia, anga inageuka buluu, kisha kompyuta zinawasha taa za mji moja moja, laki kadhaa kwa jumla. Ukitazama kwa makini utaona kwamba haziwaki kwa mpigo mmoja. Taa za mtaa hutangulia, madirisha hufuata kwa nasibu, mengine huzima mapema. Hilo linawezekana hata kwenye meza ya nyumbani: kidhibiti kidogo kama Arduino, transista moja kwa kila kundi ili kidhibiti kisibebe mkondo chenyewe, na programu fupi ya kuchagua vyumba bila mpangilio. Asiyetaka programu aweke swichi sita ubavuni mwa meza, aziwashe kwa mkono kwa mfuatano wa jioni ya kweli.

Imebaki taa moja isiyoweza kupewa waya wa kutoka chini: ya ndani ya behewa. Hiyo haina budi kuchukua umeme relini kupitia magurudumu, na magurudumu ni waya mbaya. Vumbi, kutu, mapengo ya njia panda za reli, kila kimoja kinakata umeme kwa kitambo kidogo, na madirisha ya behewa yanapepesa kwa namna inayoharibu safari nzima. Dawa yake ni akiba. Pitisha umeme wa reli kwenye daraja la daiodi, ili pande za reli zisiwe na maana tena, kisha kwenye kapasita ya mikrofaradi 470 iliyoandikwa volti 25, halafu rezista na LED. Behewa linalotumia miliampea 5 kwa jumla litaendelea kuwaka karibu robo tatu ya sekunde baada ya umeme kukatika, muda unaotosha kuvuka pengo lolote la kawaida. Safisha magurudumu, chukua umeme kwenye bogi zote mbili wala si moja, na kapasita nayo itakuwa na kazi ndogo.

Kwenye treni ya mabehewa kumi ya DCC angalia jambo moja zaidi. Kapasita tupu hufanana na shoti kwa muda mfupi inapojazwa, na kumi zikijazwa kwa mpigo mmoja kikuza nguvu kinaweza kudhani kuna ajali na kujizima, kikajaribu tena, kikajizima tena. Weka rezista ya ohmu 100 kwenye njia ya kuijazia kila kapasita, na daiodi sambamba nayo inayoelekea nje, ili akiba iingie taratibu lakini itoke bila kizuizi pale LED inapoihitaji.